Kitalu nyumba cha uani huku Pwani: tunapambana na joto, hatulitafuti. Tuelezane kabla hujanunua nailoni

#1 | Mwanzisha uzi, Kibaha

Wadau, salaam kwenu.

Nina kitalu nyumba nyuma ya nyumba yangu hapa Kibaha, mita 5 kwa 8, na huu ni msimu wa nne nalima ndani yake. Misimu miwili ya kwanza ilikuwa hasara tupu. Wa tatu tulikula na kuuza. Huu wa nne, leo asubuhi nimechuma ndoo mbili za kwanza za nyanya, ngumu, nyekundu, hazina hata tundu moja la funza. Nimefungua uzi kwa sababu watu wa Dar, Bagamoyo na Mkuranga wananipigia wakitaka kujenga, na karibu wote wanajiandaa kurudia kosa lililonigharimu mimi.

Ramani nyingi tunazoziona mtandaoni zinatoka Naivasha, Limuru, Arusha. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, usiku watu wanavaa makoti, na nailoni inausaidia mche usizizime. Sisi huku Januari tunalala madirisha wazi. Na nyanya haivumilii usiku wa joto. Usiku usipoteremka chini ya nyuzi 24 hivi, au mchana ukipita 35, chavua inaharibika. Maua yanatoka mengi na mazuri, halafu yanaanza kugeuka rangi pale kwenye kifundo kidogo katikati ya kikonyo, kama kiwiko cha mdoli. Ukiyagusa yanakatikia hapo hapo. Mimi nilikuwa natia mbolea nikidhani miche ina njaa.

Kitalu changu cha kwanza kilikuwa na mita 2.5 katikati, nailoni kuanzia paa hadi chini pande zote, na mlango mmoja. Siku moja ya Februari nilitundika kipimajoto usawa wa maua. Saa nane mchana kikasoma 46. Miche 90 iliyokuwa imenifika kifuani, nikawa nafagia maua yake kila jioni.

Nilibomoa. Cha sasa nimekijenga nikijiambia jambo moja: kwetu hiki kitu ni mwavuli na chandarua. Mwavuli ili mvua ya masika isipige majani, chandarua ili wadudu wabaki nje. Joto tunalo la kutosha, hatuhitaji kulifuga.

Nguzo ni mirunda. Mashimo sentimita 60, na sehemu yote inayoingia ardhini nimeipaka oili chafu mara mbili, ikapita kidogo juu ya usawa wa udongo, maana mchwa wa huku hana huruma. Kuta zina mita 3 na katikati mita 4.5. Fundi alilalamika kwamba ni ndefu mno, lakini urefu huo ndio pumzi ya kitalu: hewa ya moto inapanda juu, inaiacha mimea chini ikiwa na nafuu.

Paa halikutani juu. Upande mmoja umepita juu ya mwenzake ukaacha mwanya wa sentimita 60 urefu wote wa kitalu, umezibwa kwa neti tu. Mwanya unatazama kaskazini. Sababu yake ni kusi: kuanzia Mei hadi Agosti, wakati nyanya zangu ziko ndani, upepo mkali unatoka kusini. Ukipita juu ya mdomo ule unaivuta nje hewa ya moto. Mwanya ungetazama kusini, kusi ingeingia kwa ndani na kuinua nailoni kama tanga la jahazi.

Kuta zote nne ni neti, isipokuwa nusu mita ya chini ambayo ni nailoni, kuzuia matope ya mvua yasirukie ndani.

Nailoni ya paa nunua ile ya kitalu yenye kinga ya jua, mikroni 200. Ya kawaida ya ujenzi inapauka na kupasuka baada ya miezi michache. Kila mahali nailoni inapogusa mti, funga kwanza vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, kwa sababu mbao ikipata moto na upepo ukaisugua nailoni, inakatika pale pale. Itandazeni siku isiyo na upepo, jua likiwa limeshapanda na nailoni imelainika, ndipo muivute na kupiga papi. Ukiivuta asubuhi ya ubaridi, mchana italegea, na mvua ya kwanza itakuwekea madimbwi paani.

Sasa hivi saa nane mchana ndani kunazidi nje kwa nyuzi mbili au tatu tu. Sikufunga feni yoyote.

Karibuni kwa maswali, na mwenye uzoefu tofauti aseme.

#2 | Mchangiaji, Njombe

Dada hongera sana, umeeleza vizuri. Ila watu wa Nyanda za Juu wasiige huo mwanya wa wazi moja kwa moja. Huku Njombe, Juni na Julai, barafu inaunguza viazi shambani ukiamka asubuhi unaona majani yamekuwa meusi. Sisi joto tunalihitaji. Kuta zangu zina neti, na juu ya neti kuna pazia la nailoni ninalolishusha saa kumi na moja jioni na kulikunja saa tatu asubuhi.

Kukunja ndiko watu wanakosahau. Usiku mvuke wa mimea unaganda chini ya paa, asubuhi unakuta matone yamejipanga yananing'inia, ukigusa nguzo yanakunyeshea. Majani yakibaki na maji hayo hadi saa tano, bakajani chelewa, ule ugonjwa wa ukungu unaounguza majani, anaingia, na akiingia ndani ya kitalu anamaliza kazi kwa siku chache. Kijana wangu alisafiri siku tatu, pazia likabaki limeshushwa. Nilipoteza safu nzima ya upande wa mashariki.

#3 | Mchangiaji, Morogoro

Mimi naomba niseme ukweli wangu, na simkatishi mtu tamaa. Nilinunua kitalu kilicholetwa kimekamilika, mita 8 kwa 15, vyuma, mabomba ya kumwagilia kwa matone (dripu), mbegu, kila kitu. Msimu wa kwanza nilivuna vizuri hadi jirani akataka na yeye. Msimu wa pili mimea ikawa inalegea saa saba mchana ikiwa kijani kabisa, jioni inanyanyuka, kesho inalegea zaidi, siku ya tano imekufa. Haina doa, haina mdudu. Aliyeniuzia akaniambia niongeze maji. Nikaongeza. Ikafa haraka zaidi. Msimu wa tatu ikawa hivyo hivyo, nikaachana nacho, sasa vyuma vinashika kutu pale. Kama kuna mwenye jibu la hili, mimi nitashukuru hata kama nimechelewa.

#4 | Mwanzisha uzi, Kibaha

Mkuu wa Morogoro, pole sana. Hilo ndilo lililoniua msimu wa pili, na nina uhakika wengi walioacha vitalu waliachishwa na hilo kuliko soko. Ni mnyauko bakteria.

Namna ya kuhakikisha, fanya hivi. Chukua glasi ya kioo ya maji safi, iache itulie mezani. Kata kipande cha shina la mmea unaonyauka, karibu na ardhi, urefu wa kidole. Kishike, ncha yake iguse maji tu, usitikise. Ndani ya dakika chache utaona uzi mweupe unashuka kutoka kwenye shina, mwembamba kama moshi wa ubani lakini unaelekea chini, na maji yanaanza kuwa kama ya kuoshea mchele. Hao ni bakteria wenyewe wanatoka. Wameziba mishipa ya maji ya mmea, ndiyo maana unanyauka huku udongo umelowa. Kuongeza maji kulikuwa kunawasafirisha kutoka shina hadi shina.

Mimi nilipouona ule uzi mweupe nilikaa chini kwenye ndoo. Nilikuwa nimeshatumia miezi mitatu na akiba ya mwaka.

Anakaa ardhini miaka mingi, na anakula ukoo wote: nyanya, hoho, biringanya, nyanya chungu, viazi mviringo. Kwa hiyo kubadilisha nyanya kwa hoho si kubadilisha zao, ni kumletea chakula kingine. Na kitalu hakihamishiki kirahisi kama shamba, ndiyo maana anatuua sisi zaidi. Dawa ya kupulizia ya kumtoa ardhini sijaipata.

Kuna njia mbili nilizozitumia na zimenifaa.

Ya kwanza ni kuachana na udongo. Nyanya zangu sasa ziko kwenye mifuko ya lita 20 iliyojaa makumbi ya nazi na mboji iliyoiva, makumbi sehemu tatu, mboji moja. Sisi watu wa Pwani tumelala juu ya hazina. Makumbi yanachomwa moto kila siku nyuma ya masoko, wakati watu wanaagiza yaliyoshindiliwa matofali kutoka nje. Nayasaga kwa kuyapondaponda na kuyachambua, kisha nayaloweka kwenye pipa. Maji ya kwanza yanatoka meusi kama chai ya rangi. Unamwaga, unaloweka tena, hadi maji yatoke meupe. Mimi huwa mara nne au tano. Angalizo kubwa: usichukue makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba, yamekunywa chumvi ya bahari na miche itaungua pembeni mwa majani. Chini ya mifuko nimetandika nailoni nene ili mizizi isitoboe ikaenda kuonja udongo wa zamani. Na kwa kuwa makumbi hayana chakula, mbolea ya maji ni lazima kila wiki. Ile yenye kalsiamu usiichanganye kwenye ndoo moja na yenye fosfeti au salfeti, zinashikana zinakuwa kama chokaa na kuziba tundu za dripu.

Ya pili ni kubebesha: nyanya juu, mizizi ya biringanya chini. Kuna biringanya zinazostahimili mnyauko huu, na World Vegetable Center, taasisi ya utafiti wa mboga yenye kituo pale Arusha, ndio walioieneza njia hii kwa wakulima wa nchi za joto na mvua kule Asia. Biringanya inapandwa mapema kidogo kuliko nyanya kwa sababu inaota polepole. Mashina yakiwa na unene wa kijiti cha kiberiti, unayakata yote mawili mshazari kwa wembe mpya, unayaunganisha kwa kibanio kidogo, unayaweka kwenye boksi lenye kivuli na unyevu. Siku tatu gizani, kisha unaongeza mwanga kidogo kidogo hadi wiki itimie. Mara ya kwanza kati ya miche 30 ilipona 11. Mara ya pili 24. Wakati wa kupanda, kiungo kibaki juu ya udongo. Ukikifukia, nyanya itatoa mizizi yake yenyewe na umerudi ulikotoka.

Vyuma vyako mkuu usiviuze. Tandika nailoni nene chini, anza na mifuko 20 tu upande mmoja.

#5 | Mchangiaji, Kiambu

Shukrani kwa huu uzi, umenifunza. Huku kwetu mnyauko ulitusumbua vivyo hivyo, wengi tukahamia kwenye mifuko, ila sisi tunatumia zile changarawe nyepesi za volkano kutoka upande wa Naivasha, zinaelea majini. Hazina ugonjwa na unaweza kuziosha na kuzirudia.

Swali langu ni kuhusu yule mdudu tunayemwita Tuta. Nina neti, nina mitego, lakini bado anapatikana ndani. Wewe unasema nyanya zako hazina tundu. Umewezaje?

#6 | Mwanzisha uzi, Kibaha

Ndugu wa Kiambu, karibu. Huyo sisi tunamwita kantangaze. Alitoka Amerika ya Kusini, Hispania alionekana 2006, na huku kwetu Kenya na Tanzania 2014, ndiyo maana wazee wa kilimo hawakuwa na dawa yake. Ni kipepeo wa kijivu, mdogo, nusu sentimita hivi. Funza wake anaishi katikati ya ngozi mbili za jani, analila ndani linabaki kama karatasi, na kwenye tunda anaingilia chini ya kile kikofia cha kijani ambapo huoni. Kwa hiyo dawa unayopulizia juu inampita.

Neti yako pengine haina kosa. Chunguza mlango na chunguza kreti. Mimi nina milango miwili yenye chumba cha mita moja na nusu katikati, na haifunguliwi yote kwa wakati mmoja, hata kama umebeba ndoo mbili. Na kreti za sokoni haziingii kabisa. Zile kreti zinatoka mashamba ya watu, na mabuu yamejificha kwenye nyufa zake. Nachuma kwa ndoo zangu, nahamishia kwenye kreti nje ya lango. Miche pia naotesha mwenyewe kwenye trei, sinunui, kwa sababu mche mmoja wenye mayai unatosha. Asubuhi nikipita, jani lolote lenye doa la karatasi nalichuma na kulitia kwenye mfuko wa plastiki mweusi, naufunga na kuuanika juani.

Inzi weupe ni suala jingine. Huyo anahitaji neti yenye tundu zisizofika theluthi ya milimita, na neti hiyo inabana upepo. Huku Pwani nimelazimika kuchagua: neti laini ndiyo, lakini ukuta wote wa mita 3 uwe neti, ili nilichopoteza kwenye tundu nikipate kwenye ukubwa. Pamoja na kadi za njano zenye gundi na mwarobaini jioni, ule ugonjwa anaoueneza wa majani kujikunja na kuwa ya njano sijauona msimu huu ila kwa miche miwili, nikaing'oa siku hiyo hiyo.

#7 | Mchangiaji, Dar es Salaam

Dada naomba kuuliza matatu. Maji unapata wapi maana kwetu DAWASA ni ya mgao? Mbegu gani? Na je mchicha na chainizi vinafaa humo?

#8 | Mwanzisha uzi, Kibaha

Maji: paa lako ni bomba lako. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa langu la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 25 inanipa lita 1,000, toa kinachomwagika. Nimefunga gata pande zote mbili, zinaingia kwenye tangi la lita 2,000 lililonyanyuliwa mita moja na nusu, na dripu inajiendesha yenyewe bila pampu. Mmea uliokomaa unakunywa lita moja na nusu hivi kwa siku, kwa miche 90 ni kama lita 135. Tangi likijaa nina wiki mbili. Kitu cha kuchunga ni kutoruka siku: mmea ukikauka leo na kufurikishwa kesho, tunda linaoza kitako, linakuwa na doa jeusi bapa chini. Watu wanalikimbilia na dawa ya ukungu, kumbe ni maji yasiyo na mpangilio yanayoizuia kalsiamu isifike.

Mbegu: lazima iwe ndefu, ile inayoendelea kupanda, kama Anna F1. Msimu wa kwanza nilipanda Rio Grande kwa sababu ndiyo niliyoijua, ikasimama kwenye mita moja ikamaliza kuzaa, na mita moja na nusu ya hewa niliyoilipia juu yake ikabaki tupu. Ndefu unaiacha na shina moja, unaifunga kwenye kamba inayoshuka kutoka juu, na kila machipukizi ya kwapani unayavunja kwa vidole yakiwa na urefu wa kidole. Usisubiri yanenepe hadi utafute kisu. Kisu kinabeba ugonjwa kutoka mmea hadi mmea. Ukilazimika kukata, kichovye kwenye jiki kila baada ya mmea.

Na humo ndani hakuna upepo wa kutosha kutikisa maua. Saa nne asubuhi, chavua ikiwa kavu, mimi na binti yangu tunapita tukigonga kamba moja moja kwa kijiti. Ukitazama dhidi ya jua unaona vumbi la njano linatoka kwenye ua. Yeye ana miaka tisa, ndiyo kazi anayoipenda kuliko zote, na Jumamosi hakuna wa kumwamsha.

Mchicha, chainizi, figiri, hapana mkuu. Vinataka kivuli chepesi na maji tu. Weka nguzo nne na neti ya kivuli pembeni, utapata mboga mwaka mzima kwa gharama ndogo sana. Nafasi ya chini ya nailoni iachie nyanya, hoho na matango.

#9 | Mchangiaji, Bagamoyo

Mimi ni kijana, nimemaliza chuo, nina uwanja wa mzee mita 6 kwa 10 na mtaji mdogo. Leo ni Julai. Nikijenga mwezi huu nikapanda nyanya mara moja, nitafika?

#10 | Mwanzisha uzi, Kibaha

Mdogo wangu, usiharakishe nyanya. Ukisia mbegu sasa, miche itaingia kitaluni Agosti, maua yataanza mwishoni mwa Septemba, utachuma kidogo Novemba, na hapo hapo kaskazi inaanza na usiku wa joto unarudi. Utabaki na mimea mirefu isiyoshika tunda, na utasema kitalu ni uongo.

Tumia Julai hadi Oktoba kujenga taratibu, kipande kwa kipande mfuko unavyoruhusu, na kukusanya makumbi. Bagamoyo huwezi kuyakosa. Novemba ingiza matango ya aina inayozaa bila nyuki, hayo joto yanaliweza ukiweka neti ya kivuli juu ya nailoni, na yanaanza kuchumwa ndani ya wiki sita au saba. Yatakurudishia sehemu ya fedha. Februari safisha kila kitu, toa masalia nje, na kama una matuta ya udongo, yaloweshe na kuyafunika nailoni angavu kwa wiki sita jua liyachemshe. Hiyo inapunguza minyoo fundo, wale wanaovimbisha mizizi, ingawa mnyauko bakteria haitaumaliza. Katikati ya Machi sia nyanya kwenye trei mahali palipokingwa mvua. Mwishoni mwa Aprili ziingie. Mwishoni mwa Mei maua yanatoka wakati kusi imeshapoza usiku, na Julai kama hii unachuma. Nje kwa wenzako masika itakuwa imeshapiga mashamba, na wewe una nyanya.

Ukishachimba mashimo ya mirunda, kabla hujapiga papi hata moja, rudi hapa utuambie urefu wa katikati na mwanya wa juu unatazama wapi. Nachungulia uzi kila jioni nikishafunga maji.